Nilivyozuia nywele kunyonyoka kwa kuihamisha chai

Mafuta sitayaongelea. Nilipaka ya nazi, ya mnyonyo, hata maji ya vitunguu, na nywele ziliendelea kunyonyoka, kwa sababu tatizo lilikuwa kwenye sahani. Baada ya kumwachisha mtoto ziwa nilijipunguza mwili kwa pupa: asubuhi chai ya rangi na andazi, mchana matunda, usiku kachumbari. Kilo zikashuka. Miezi mitatu baadaye kichana kikaanza kujaa.

Hiyo miezi miwili mitatu ndiyo inayowapoteza watu. Unywele ulioacha kukua kwa njaa hauanguki siku hiyohiyo, hukaa tu kwenye tundu lake kwa wiki kadhaa ndipo utoke. Basi usiilaumu sabuni ya wiki iliyopita. Rudi nyuma: homa kali, uzazi, upasuaji, au kujinyima chakula.

Pia hakikisha zinanyonyoka, hazikatiki. Tazama ncha zote mbili mwangani: wenye kitone cheupe umetoka na mzizi, usio nacho umekatika. Kupoteza 50 hadi 100 kwa siku ni kawaida. Rasta za wiki sita huzishikilia zote hizo, kwa hiyo siku ya kufumua unaweza kuokota 2,000 hadi 4,000 kwa mkupuo na usiwe na ugonjwa wowote. Mimi nilikuwa naokota rundo kila siku, na wakati huo sikuwa na rasta.

Kilichoniudhi ni bayotini, vitamini inayosifiwa kwa nywele. Kila niliyemwuliza alinitajia vidonge hivyo. Nilimeza miezi miwili, tena kila asubuhi nikikoroga mayai mabichi mawili kwenye maziwa, nikiamini naongezea nguvu. Kumbe ute wa yai bichi una protini iitwayo avidini, ambayo huing'ang'ania bayotini isifyonzwe tumboni. Nilikuwa nanunua kwa mkono mmoja na kumwaga kwa mwingine! Yai lilelile ukilichemsha, avidini huharibika, nawe unapata gramu 6 hivi za protini, na unywele wenyewe umejengwa kwa protini. Upungufu wa bayotini ni nadra sana. Isitoshe, dozi kubwa hupotosha majibu ya kipimo cha thairoidi, tezi ya shingoni ambayo ikiharibika nayo hunyonyoa nywele. Ilibidi niache siku tatu ndipo nipimwe.

Wingi wa damu ulionekana mzuri, 12.3, nikaambiwa sina shida. Nikaomba kipimo cha feritini, yaani akiba ya madini ya chuma, nikalipa kama elfu thelathini na kitu. Ikaja 11. Chini ya 15 akiba imekwisha, hata kama damu bado inatosha. Ila usipime ukiwa na homa au maambukizi, maana feritini hupanda na kukudanganya.

Daktari alinipa vidonge vya chuma vya miligramu 200, kimoja kila baada ya siku moja, tumbo likiwa tupu. Choo kinakuwa cheusi, usishtuke. Vikikufunga choo, ongeza maji na papai. Usimeze bila kupima, chuma kikizidi kinadhuru.

Lakini nguvu yote niliiona nilipoihamisha chai. Chai na kahawa huzuia chuma cha maharage na mchicha kisifyonzwe, nami nilikuwa nashushia kila mlo kwa kikombe. Sasa nakunywa saa moja na nusu hivi baada ya kula. Maharage naloweka usiku kucha na kumwaga maji yale. Ndimu nakamulia sahanini, si kwenye sufuria, maana moto huua vitamini C, ambayo ndiyo husaidia chuma kufyonzwa. Nachanganya na dagaa kiganja kimoja, kwa sababu samaki na nyama huvuta hata chuma cha mboga.

Maini ni mara moja kwa wiki, basi. Vitamini A ikizidi nayo hunyonyoa nywele, na mjamzito ayaepuke.

Mwezi wa tatu rundo likapungua. Wa tano vinyweleo vifupi vikasimama utosini, vya sentimita mbili hivi, maana nywele hukua kama sentimita moja kwa mwezi. Pembeni mwa paji la uso hakujaota kitu. Pale paliharibiwa na rasta za kuvutwa, na hapo hakuna chakula kinachosaidia: nimeacha kusuka sehemu hiyo kabisa.