Geti la chekechea bila thina: nilivyopigana na kutu hapa Kisumu

Hapa Nyalenda na hii hewa ya ziwa chuma haikai, unapaka geti Disemba ikifika mvua ya Aprili ishaanza mabaka. Sasa mwalimu mmoja wa chekechea akaniita nimtengenezee geti na grili, geti la zamani lakini bado chuma yake nzuri, akaniambia "fundi sitaki rangi ya kunuka thina, na yenye madini ya risasi (lead) usiniletee kabisa, hawa watoto wanalamba kila kitu." Ako sawa, risasi ikiingia kwa damu ya mtoto inaharibu ubongo, ndio maana Kenya iliweka mwisho sehemu 90 za risasi kwa kila sehemu milioni za rangi.

Kwanza brashi ya waya, kutu yote inayobanduka itoke, hapo hakuna shortikati. Ile nyembamba imeng'ang'ana nikaiacha makusudi. Nikatafuta unga wa mwati kwa jamaa wa kutengeneza ngozi, ule wa kutoka maganda ya miti wenye tanini, nikakoroga na maji ya vuguvugu nikapaka kwa brashi. Hapa ndio raha iko: ile kahawia inaanza kugeuka zambarau, halafu inaiva nyeusi yenye ubluu, kwa sababu tanini imeshikana na chuma iliyo ndani ya kutu. Mwalimu akasimama hapo akishangaa, "kwani umepaka wino?" Lakini hiyo si rangi, ukiiacha hivyo mvua itarudisha kutu tu.

Ikakauka, nikapiga praima ya maji, yaani rangi ya kwanza inayochanganywa na maji badala ya thina, yenye zinki fosfeti ya kuzuia kutu, si ile ya kromati ya manjano, hiyo kromati ukipiga msasa vumbi yake inaleta kansa. Praima ya maji inaogopa unyevu kuliko kitu kingine, asubuhi chuma huku inakuwa na umande, so nilikuwa nangoja jua lipande kwanza, na wingu likijikusanya upande wa ziwa nafunga mkebe. Kona na mahali pa welding nilipitisha brashi kwanza peke yake, rangi hukimbia ncha kali na kutu huanzia hapo.

Nikatoboa pia mashimo chini ya zile bomba za mraba maji yatoke, maana mageti mengi yanaozea ndani huku nje yanang'aa. Brashi nikaosha na maji na sabuni, watoto wakaingia darasani kesho yake bila mtu kulalamika kichwa. Rangi iliyobaki nilimwachia mwalimu kwa mkebe mdogo, wakikwaruza na mawe apake hapo hapo.