Kumbe UTI na sisi wanaume inatupata

Jamani nimepotea kama mwezi hivi, nisameheni, nilikuwa naumwa UTI, yaani maambukizi ya njia ya mkojo, ugonjwa ambao hata kuutaja mbele ya washkaji pale Uyole, Mbeya, naona noma.

Ilianza mwezi wa saba, mnaujua mwezi wa saba wa huku kwetu ulivyo, maji ya kunywa huyatamani kabisa ni chai tu. Natoka Isyonje na gari ya viazi nikasimama kuchimba dawa, niko pale nyuma ya tairi mkojo haushuki, nasubiri weeh, vikatoka vitone vitatu vinne vinachoma kama mtu kanipakia pilipili kwa ndani. Kilomita mbili mbele nimebanwa tena. Usiku nikaamka mara sita na choo chetu kiko nje, fikiria hiyo baridi.

Mke wangu akaniangalia akasema baba Neema, huo ugonjwa wa wanawake umeutoa wapi? Hakuongeza neno ila asubuhi chai nilijimiminia mwenyewe.

Basi nikakimbilia duka la dawa Mwanjelwa, hakuna kipimo hakuna nini, nikapewa sipro (antibayotiki ya kuua bakteria) za siku tatu. Siku ya pili naona niko fresh nikaacha, vidonge viwili vikabaki kwenye dashibodi mpaka leo (ujinga wangu huo). Wiki haijaisha vizuri homa hiyo, natetemeka mpaka meno yanagongana, na maumivu kule chini katikati ya korodani na njia ya haja kubwa, kukaa kwenye siti siwezi. Ndo nikaenda hospitali sasa.

Daktari mwenyewe kijana, wa umri wa mdogo wangu wa mwisho. Akaniuliza mzee, mkojo wako una nguvu? Ukimaliza unahisi umeisha kweli? Nikakumbuka tangu mwaka jana turnboi wangu huwa ananipigia kelele bosi umelala huko? Nilijua ni uzee tu, nina miaka 53.

Akanielewesha kwamba njia ya mkojo ya mwanamke ni kama sentimita 4, yetu inafika kama 20, kwaiyo mdudu ana safari ndefu, mwanaume akipata UTI inabidi utafute nani kamfungulia mlango. Kwangu mimi mlango ni tezi dume. Imekaa chini ya kibofu imeuzunguka mrija, umri ukienda inanenepa inaubana, mkojo hauishi wote, na ule unaobaki ndo wadudu wanazaliana humo. Altrasaundi baada ya kukojoa ikaonyesha bado mililita 140 ziko ndani. Na mimi nilishakilaumu choo cha stendi, kumbe mdudu mwenyewe mara nyingi ni E. koli, anatoka kwenye utumbo wako mwenyewe!

Sukari wakapima, gono na klamidia, yale magonjwa ya zinaa, pia wakapima maana nazo zinachoma hivyohivyo hasa kwa vijana, majibu safi, karatasi nikampelekea mama Neema mkononi, akaisoma mara mbili. Wa Kyela wanaooga ziwani wakiona damu kwenye mkojo wasikimbilie kusema UTI, kichocho nacho kipo.

Kidole cha daktari nacho kilipita njia ya haja kubwa kukagua tezi, mnaotaka kujua. Sekunde chache tu, ila tezi ilikuwa imevimba kwa maambukizi nikaruka kidogo. Akasema kijana pole baba. Aibu yote iliishia hapo.

Kilichoniuma zaidi ni majibu ya kuotesha mkojo, yaani kuwakuza wadudu maabara waone dawa ipi inawaua, yalichukua siku tatu, yule mdudu sipro haimfanyi kitu. Wakanibadilishia dawa, dozi wiki nne nzima kwa sababu dawa inapenya kwenye tezi kwa shida, pamoja na tamsulosini ya usiku ya kulegeza misuli pale shingoni mwa kibofu. Hiyo tamsulosini dozi ya kwanza ukiinuka kitandani haraka kichwa kinazunguka, inuka taratibu.

Damu ya kupima PSA (kipimo cha kuangalia dalili za saratani ya tezi dume) hakuchukua, kasema tezi ikiwa na maambukizi kile kipimo kinapanda chenyewe utaogopa bure, nirudi nikishapona. Kwaiyo naenda mwezi wa kumi. Leo asubuhi nimechimba dawa palepale Isyonje, turnboi hajamaliza hata kukagua tairi nishapanda gari, akabaki ananishangaa.