Kifungua kinywa cha kushika mkononi, kwa mtoto anayefuatwa na gari la shule alfajiri

Dar es Salaam gari la shule likipita saa kumi na moja na nusu, mtoto wa chekechea bado hana njaa. Ametoka kitandani sasa hivi, macho nusu yamefumba. Ukimlazimisha chai na andazi atakunywa mafunda mawili na kuacha. Njaa humkuta baadaye, gari likiwa kwenye foleni au akishafika shuleni, na mapumziko ni saa nne. Chakula chake cha asubuhi basi ni kile anachotoka nacho: kishikike kwa vidole vidogo, kisimwagikie sare, kikae kitamu ndani ya kopo kwa saa moja hivi, na kimbebe mpaka saa nne.

Andazi peke yake halifiki saa nne. Ni unga mweupe, sukari na mafuta. Hushibisha upesi na njaa hurudi upesi. Halina dhambi likiambatana na yai na kipande cha papai, ila lisiwe mlo mzima. Katika kila kopo tafuta vitu vitatu: kimoja cha wanga (chapati, kiazi, mkate, uji), kimoja cha protini (yai, maziwa, maharage, karanga iliyosagwa) na tunda. Kinachokosekana nyumba nyingi ni hicho cha katikati.

Tenganisha mapema chakula cha saa moja asubuhi, anapofika shuleni, na cha saa nne. Chenye yai, maziwa au nyama, kikishapikwa, kisikae kwenye joto la kawaida zaidi ya saa mbili. Siku ya joto linalopita nyuzi 32, saa moja tu. Yai lililochemshwa saa kumi na moja liliwe mtoto anapofika, lisingojee mapumziko. Cha saa nne kiwe kile kisichoharibika haraka: ndizi yenye ganda lake, chungwa lililomenywa, mkate wenye siagi ya karanga. Ukiweka vyote kopo moja, mtoto ataanza na ndizi na yai litabaki mpaka mchana. Tumia makopo mawili ya rangi tofauti, na mwambie matroni wa gari au mwalimu lipi la kwanza.

Chapati za maji

Kama utajifunza kitu kimoja tu, jifunze hiki. Chapati ya maji inabeba yai, maziwa na mboga ndani yake, inakunjwa, haina makombo, na mtoto asiyependa yai hajui kwamba amelila.

Kwa chapati sita za kikaango kidogo: unga wa ngano kikombe kimoja (gramu 125 hadi 130), mayai mawili, maziwa kikombe kimoja na robo, chumvi robo kijiko cha chai, karoti moja ndogo iliyokunwa kwa tundu dogo, na majani ya kitunguu kidogo ukipenda. Piga mayai na nusu ya maziwa, tia unga wote, koroga mpaka ulainike, ndipo umalizie maziwa. Ukimimina maziwa yote mara moja juu ya unga utapata madonge, na kuyafukuza kwa mwiko ni kazi ya asubuhi nzima. Acha rojo litulie dakika 20, au lilale kwenye friji usiku kucha. Karoti na chumvi tia asubuhi, maana karoti ikilala hutoa maji na rojo linakuwa jepesi mno. Likilala huwa zito chini, basi likoroge upya, na likigoma kutiririka ongeza kijiko kimoja au viwili vya maji.

Kikaango kipate moto wa wastani, tone la maji likidondoka lirukeruke. Paka mafuta nusu kijiko cha chai, mimina upawa mmoja mdogo, zungusha kikaango rojo lisambae. Usiguse mpaka juu pakauke na kingo zianze kujiachia zenyewe, dakika moja na nusu hivi. Geuza, dakika moja nyingine, epua. Ikichanika, umegeuza mapema au kikaango hakijashika moto. Ya kwanza huharibika karibu kila mara kwa sababu hiyo ya pili. Ni haki ya mpishi.

Unaweza kubadilisha theluthi moja ya unga wa ngano kwa unga wa ulezi. Usizidishe hapo, kwa kuwa ulezi hauna mnato wa ngano, na chapati itakatika ukiikunja.

Zitandaze kwenye ungo dakika tano kabla ya kufungasha. Watu wengi huziweka motomoto kwenye kopo na kufunga, mvuke unageuka maji chini ya kifuniko, na mtoto anakuta kitu kilicholowa anachokirudisha nyumbani. Ndani paka siagi ya karanga kijiko kimoja cha chakula na ndizi iliyopondwa, au maharage ya jana yaliyopashwa mpaka yachemke, yakapondwa na kukaushwa mchuzi. Kunja kwa kubana, kata katikati. Kwa mtoto wa miaka mitatu hadi mitano, moja yatosha, na yupo atakayemaliza nusu.

Uganda wana rolex yao, chapati ya kusukuma iliyokunjiwa mayai ya kukaanga na nyanya. Ni chakula kizuri, ila kwa mtoto punguza mafuta na ondoa nyanya, kwa sababu nyanya ndiyo inayovuja mpaka kwenye mkono wa sare.

Mayai ya kuchemsha

Yaweke kwenye maji baridi, yawe yamefunikwa kabisa, bandika jikoni. Maji yakianza kutokota hesabu dakika tisa hadi kumi kwa yai la kuku wa kisasa. La kienyeji ni dogo, saba au nane zinatosha. Epua, tia kwenye maji baridi. Ile rangi ya kijani inayozunguka kiini na harufu yake ni dalili ya kupika kupita kiasi: chuma kilichomo kwenye kiini kimekutana na salfa ya ute. Hakidhuru, ila mtoto ataligomea.

Yai lililotagwa jana au leo humenyeka vibaya, ute unatoka pamoja na ganda. Mayai yaliyokaa wiki moja ndiyo mazuri ya kuchemsha. Ukiwa na friji, chemsha manne au matano Jumapili jioni, yaweke na maganda yake, yatumie ndani ya siku saba na umenye asubuhi ya siku husika. Usiyamenye usiku, yanakauka na kunusisha friji nzima.

Kiini kikavu kinakwama kooni. Kwa mtoto mdogo kata yai vipande vinne na mpe maji, au liponde na parachichi au siagi kidogo, ulipake kwenye mkate. Ukitengeneza mkate wa yai, paka siagi kwanza pande zote mbili za ndani. Mafuta huzuia unyevu wa yai usiingie kwenye mkate.

Viazi vitamu

Viazi lishe, vile vyenye nyama ya rangi ya chungwa, vina malighafi ambayo mwili hugeuza kuwa vitamini A, na mafuta kidogo husaidia mwili kuifyonza. Kasoro yake ni ulaini: vikichemshwa vinakuwa na maji na kumong'onyoka mkononi. Ndiyo maana kwa safari ni afadhali kuvifanya vidonge vya kukaanga. Ponda viazi viwili vya wastani vilivyoiva (gramu 300 hivi), changanya na yai moja na vijiko vinne vya chakula vya unga wa ngano, chumvi kidogo, mdalasini kama upo. Tengeneza vidonge bapa vyenye unene wa kidole, kaanga kwenye mafuta machache, dakika tatu kila upande kwa moto wa wastani. Moto mkali huvipa rangi nje vikiwa rojo ndani. Vikisambaratika ongeza kijiko cha unga, usiongeze yai.

Viazi vitamu vyeupe ni vikavu zaidi na hushikika hata vikichemshwa tu. Kata vipande vya urefu wa kidole, mpe na siagi ya karanga.

Uji wa kubeba

Uji kwenye chupa ndogo yenye mrija au mdomo mpana unafaa sana kwa mtoto asiyetafuna asubuhi. Tatizo lake linajulikana: mwepesi haushibishi, mzito hausogei kwenye mrija, na ukipoa unazidi kuwa mzito. Anza na vijiko vitatu vya chakula vya unga wa ulezi kwa mililita 300 za maji na maziwa, nusu kwa nusu. Vuruga unga kwenye maji baridi kwanza, pika ukikoroga, na baada ya kuchemka uache moto mdogo dakika kumi.

Ukitaka mzito wa lishe lakini unaonyweka, tumia kimea, yaani unga wa ulezi uliooteshwa, ukakaushwa na kusagwa. Ongeza unga wa kawaida kijiko kimoja, pika, epua, acha joto lipungue kidogo, tia kijiko kimoja cha chai cha kimea, koroga. Ndani ya dakika chache uji unalegea wenyewe, kwa sababu kimea huvunja wanga. Kisha urudishe jikoni uchemke tena. Kimea ni nafaka iliyolala na unyevu siku kadhaa, kisinywewe bila kuchemshwa.

Kuhusu unga wa lishe wenye mchanganyiko wa vitu kumi, maoni yangu ni kwamba ni gharama bila sababu. Nafaka moja na jamii moja ya kunde zinatosha. Karanga na soya zikisagwa ndani ya unga wa mwezi mzima, mafuta yake yanavunda na uji unakuwa mchungu. Saga kidogo kidogo, au weka siagi ya karanga kwenye sufuria siku hiyohiyo. Soya lazima iwe imechemshwa au kukaangwa vizuri kabla ya kusagwa. Mbichi huzuia mwili kusaga protini. Na karanga yenye ukungu, iliyosinyaa au chungu, tupa. Usiichague ukaibakiza nusu, kwa maana sumukuvu haiondoki kwa kupikwa.

Chupa ya kuhifadhi joto ijazwe kwanza maji yaliyochemka dakika tano, mwaga, ndipo utie uji ukiwa wa moto. Kama chupa si ya kuhifadhi joto, uji wa maziwa unywewe ndani ya gari au mara anapofika.

Pasipo friji, na umeme unapokatika

Usipike usiku ukaacha mezani. Andaa vikavu: pima unga na chumvi kwenye bakuli, funika, osha matunda, menya viazi, kata vipande vya sentimita mbili, viache ndani ya maji safi. Asubuhi vipande vya ukubwa huo vinaiva dakika kumi hadi kumi na mbili, na mayai yanachemka kwenye sufuria hiyohiyo mtoto akiwa anaoga. Osha tu maganda ya mayai kwanza. Kama anayeandaa ni dada wa kazi, mwachie vipimo vimeandikwa ukutani, kwa kikombe kinachotumika jikoni humo. "Kiasi" ya mmoja siyo "kiasi" ya mwingine.

Visivyofaa garini

Karanga nzima, bisi, zabibu nzima na pipi ngumu zisipewe mtoto chini ya miaka mitano hata akiwa ametulia, sembuse kwenye gari linalorukaruka. Soseji ikatwe kwa urefu, vipande vya duara hukaba koo. Kwa watoto wa miaka mitatu na minne, bora wale wakiwa wanangoja getini au wameshafika, kuliko gari likitembea bila mtu mzima kuwaangalia. Kabla ya kupeleka siagi ya karanga, uliza shule kama darasani kuna mtoto mwenye mzio.

Chai iache nyumbani. Majani ya chai huzuia mwili kufyonza madini ya chuma yaliyomo kwenye ulezi na maharage, wakati chungwa au papai husaidia kuyafyonza. Juisi za boksi nyingi ni sukari; maji kwenye chupa yanatosha. Vitumbua vinafaa kama sukari haizidi robo kikombe kwa vikombe viwili vya mchele. Ikizidi, nje huungua ndani kukiwa bado kubichi, na hapo ndipo watu wanapolaumu hamira.

Usifungashe chakula kwenye gazeti, wino hushika kwenye mafuta. Kopo likirudi jioni, ng'oa pete ya mpira ya kifuniko uioshe peke yake kwa maji ya moto na sabuni, kwa kuwa harufu ya yai hujificha hapo. Kianike kifuniko wazi usiku kucha. Na kabla ya kuosha angalia kilichobaki: chakula kilichorudi siku tatu mfululizo, badilisha umbo lake au kata kiasi nusu kabla hujaamua kwamba mtoto hakipendi.