Ukuta wangu unachelewa kulala

Wiki iliyopita nilienda kwa shangazi Bombo, kilomita kama 35 tu kutoka Kampala, usiku akanipa blanketi nikacheka, blanketi la nini? Saa nane usiku nimejifunika mpaka masikio. Kesho yake nikarudi Kisenyi, mtaa wetu wa Kampala, kwenye chumba changu cha kupanga, feni iko usoni na bado shuka limelowa jasho. Jua si ni lilelile jamani?

Mi siku zote nilikuwa nalaumu mabati. Kumbe mabati ni membamba, jua likizama yanapoa chapchap. Siku hiyo saa tano usiku nikaweka kiganja ukutani, upande ule unaopigwa na jua la jioni, weee, vuguvugu kama chai iliyosahaulika mezani. Ndo huyo mwizi wa usingizi wangu. Tofali, simiti, lami, vyote vinakunywa joto mchana kutwa halafu usiku vinalitema polepole, na vile majumba yamebanana, joto likitoka ukuta huu linagonga ule, linakosa pa kutokea. Ndo maana tofauti ya joto la mji na shamba inajulikana zaidi usiku, hasa usiku mkavu usio na mawingu wala upepo. Na si habari mpya, Mwingereza mmoja Luke Howard, yule aliyeyapa mawingu majina, alipima joto London miaka kama 200 iliyopita akakuta usiku mjini kuna joto kuliko nje ya mji, na wakati huo hata gari la petroli barabarani hakuna! Sisi tuna teksi zinanguruma kwenye foleni, boda, majenereta, vyote vinatoa moto wake.

Halafu kuna maji. Mtungi wa bibi unatoa jasho kwa nje, ndo maana maji ya ndani yanakuwa baridi, si ndio? Miti nayo hivyohivyo, maji yakigeuka mvuke yanaondoka na joto. Kwa shangazi kuna migomba, kuna mwembe, udongo wenyewe una unyevu. Huku mvua ikinyesha yote inakimbilia mtaro wa Nakivubo, jua likitoka kidogo tu lami imekauka, na mafunjo ya kinamasi cha Lubigi watu wanayafukia wajenge.

Kwetu uani kulikuwa na mfenesi mmoja. Mwenye nyumba kaukata mwaka jana akaongeza vyumba viwili, kodi juu eti ni vipya. Aliyepanga hicho cha mwisho juzi kaja kwangu kuazima feni.