Duara la Gallaudet

Leo shemeji kaniburuza hadi Gallaudet, chuo cha viziwi hapa Washington, kuangalia futiboli ya Kimarekani. Mchezo wenyewe bado unanichanganya.

Ila lile duara! Kabla ya kushambulia wachezaji wanajikusanya, migongo nje, wanapanga. Timu kibao Marekani hufanya hivyo.

Kumbe inasemekana lilianzia hapahapa, 1894. Paul Hubbard, kiongozi wa mashambulizi, aliwakusanya wenzake ili viziwi wa timu pinzani wasisome ishara za mikono yake. Ujanja huo!

Wachezaji wa akiba walikuwa karibu nami. Nikabaki natazama vidole tu: vimefungwa plasta, vina matope, vinaongea haraka kuliko mdomo wangu. Bao likanipita hivihivi.

Jamani, mbona wanasimama kila baada ya sekunde chache? Mnaojua nielewesheni.