Kufunga darubini kwenye bunduki ya kuwinda, kwa hewa ya Tanga

Darubini ikihama shabaha, kagua vishikizo (kitako cha darubini kinachofungwa juu ya bunduki, na pete zinazoshika mrija wake) kabla ya kulaumu lenzi. Mirija mingi ina kipenyo cha milimita 25.4 au 30. Pete zilingane nacho. Chagua pete fupi, mradi lenzi ya mbele ibaki milimita 2 au 3 juu ya mtutu. Kwa bunduki ya risasi kubwa ya .375 H&H napendelea pete za chuma, lakini upepo wa chumvi wa Tanga hukitia kutu upesi, basi kipake mafuta mepesi kila baada ya mawindo.

Toa risasi zote kwanza. Matundu ya skrubu za kitako cha darubini yafute kwa spiriti: mafuta yakibaki, gundi ya skrubu haishiki na mshtuko hulegeza kila kitu. Skrubu ikiwa ndefu mno itagusa boliti, yaani komeo la bunduki.

Jicho likae sentimita 9 au zaidi kutoka kwenye lenzi, la sivyo darubini itakupasua nyusi. Linganisha msalaba unaouona ndani ya darubini na timazi iliyoning'inizwa ukutani, halafu kaza skrubu za pete kwa kupokezana, robo mzunguko, hadi takriban nyutoni-mita 2 (kipimo cha nguvu ya kukaza). Ukizidisha, mrija unabonyea na marekebisho ya ndani yanakwama.