Siku 18, mto mkono wa kulia

Mimi si mtu wa ibada, niliweke hilo wazi mapema. Nina duka la vipuri vya magari Tanga, na hekaluni huonekana Diwali na siku mama akinikazia macho. Lakini miaka sita nyuma, marehemu baba alipolazwa, mama aliweka nadhiri kwamba akipona ataizunguka Narmada. Baba akapona, akaishi miaka minne mingine, akafariki na nadhiri ikiwa bado haijatekelezwa. Januari iliyopita, mama akiwa na miaka 74 na magoti yanayogombana na kila ngazi, tukaenda kulipa deni.

Narmada ni mto wa katikati ya Uhindi, wenye urefu wa kilomita 1,312. Unachimbuka Amarkantak, juu kwenye milima ya Maikal, unaelekea magharibi na kumwagikia Ghuba ya Khambhat. Wengi huujua mto Ganga, mtakatifu kwa Wahindu. Mwulize mama, atakwambia kwamba Ganga lazima uoge ndipo utakasike, ila Narmada kuiona tu kwatosha. Atakuongezea kwamba Ganga mwenyewe, akishachoka na dhambi za watu, huja kuoga Narmada kwa umbo la ng'ombe mweusi na kutoka mweupe. Wahindu huuita Maiya, Mama, na ndio mto ambao watu huuzunguka mzima, ukingo mmoja kwenda na mwingine kurudi. Mzunguko huo huitwa parikrama. Kwa miguu, hesabu ya wazee ni miaka mitatu, miezi mitatu na siku 13. Sisi tulikodi gari.

Sheria kuu ni mbili: mto uwe mkono wa kulia mwanzo hadi mwisho, na usiuvuke popote. Vijito vinavyoingia humo unaweza kuvuka, mto wenyewe hapana. Ukiuvuka, safari imebatilika, anza upya. Nilipoambiwa hivyo nikiwa Tanga niliona jambo jepesi. Sikujua kwamba barabara hujengwa na watu wanaotaka kuvuka.

Tulishuka Mumbai, tukapanda treni hadi Khandwa, kisha tukafika Omkareshwar, mahali wengi huanzia. Hapo mto umekikumbatia kisiwa cha Mandhata, ambacho waumini husema kina umbo la ile herufi takatifu ya Om, na juu yake lipo hekalu la mungu Shiva. Wanasimulia kwamba mlima Vindhya ulimwonea wivu mlima Meru, ukafanya toba na ibada hapo mpaka Shiva akatokea. Nikamwambia mama, "Haya, tukaanzie kule kisiwani." Akanitazama kama mtoto aliyekojoa kitandani. "Kisiwa kiko wapi, mwanangu? Si ndani ya mto? Utafikaje bila kuvuka?" Kumbe kisiwani huendi mpaka umalize. Tukasali ukingo wa kusini, hekalu la Mamleshwar, mama akajaza chupa ndogo ya maji ya mto, akaifunga kwenye kitambaa na kuipakata. Chupa hiyo ndiyo ingemwagwa kisiwani siku ya mwisho.

Dereva wetu alikuwa kijana wa Indore, mpole, na safari hii ilikuwa ya kwanza kwake pia. Uhindi usukani uko kulia kama kwetu, kwa hiyo mto ulipaswa kuwa upande wake siku zote. Mama akakaa nyuma yake ili auone vizuri.

Siku ya tatu, giza likiwa limeingia, tuko Barwani, nikaweka kwenye simu jina la mji wa mbali tunakokwenda, jimbo la Gujarat, kisha nikasinzia. Ramani ya simu haijui nadhiri ya mtu. Iliona njia fupi ni kupita kaskazini, ikatuelekeza darajani. Nilichozindukana nacho ni sauti ya mama. Mama akiwa mtulivu huzungumza Kigujarati, akikasirika ni Kiswahili cha Ngamiani, mtaani kwetu Tanga: "Rudi! Rudi nyuma wewe! Unanipeleka wapi?" Kijana hakujua neno hata moja la Kiswahili, lakini alielewa yote. Magurudumu ya mbele yalikuwa yameshapanda daraja. Akarudi kinyumenyume, taa za hatari zikiwaka, lori nyuma linapiga honi, mwendesha pikipiki anatutukana, na mama ameifumbata chupa kifuani anataja jina la Maiya bila kupumua.

Tulisimama kwenye kibanda cha chai. Mama akauliza kama imehesabika tumevuka. Mwenye kibanda, mzee mwenye kilemba, akatoka na tochi akatazama daraja, akatazama gari, akasema maji bado hayajaanza chini pale, ni nchi kavu. Sijui kama kweli alikuwa ameona kitu gizani au aliona tu uso wa mama. Nikanywa chai vikombe viwili.

Usiku huo ndipo nikapata njia yangu. Nilinunua ramani ya karatasi, nikapiga msalaba mwekundu kwenye kila daraja la Narmada. Kwenye simu sikuweka tena mji wa mbali. Niliweka kijiji cha kilomita arobaini au hamsini mbele, kilicho ukingo huohuo, tukifika naweka kingine. Inachosha, ila ikikosea inakosea padogo. Na kabla ya kila safari ya asubuhi dereva alikuwa ananyoosha mkono wa kulia na kusema "Maiya huku," nami nathibitisha. Anayetaka kujaribu safari hii, hilo tu ndilo la maana nililo nalo.

Kusini mwa mto, baada ya Barwani, barabara huuacha mto mbali, kwa sababu kuna milima ya Satpura na msitu wa Shulpan. Zamani wanaotembea kwa miguu waliporwa huko kila kitu hadi nguo, na wakalichukulia kuwa sehemu ya ibada, kwamba Maiya anakuvua ulichong'ang'ania. Tukazunguka kupitia Shahada, tukatokea Gujarat. Hekalu la kale la Shulpaneshwar lilizama bwawa la Sardar Sarovar lilipojaa, likajengwa jipya. Wanasema Shiva alimuua jini Andhaka kwa mkuki wake wa ncha tatu, damu ikagoma kutoka kwenye mkuki, akazunguka nchi nzima kuuosha, mpaka alipouchoma chini hapo kando ya Narmada ndipo ukatakata. Karibu na hapo siku hizi kuna ile sanamu ya Sardar Patel, kiongozi wa kupigania uhuru wa Uhindi, ya mita 182, na watu wa sanamu ni wengi kuliko wa hekalu. Mama hakuitazama hata mara moja. Alisema haina hadithi.

Nikiri kwamba kituo kilichonigusa zaidi upande huo si cha Kihindu. Ratanpur, kwenye kilima kati ya Rajpipla na Ankleshwar, lipo kaburi la walii Bava Gor, linalotunzwa na Masidi, watu ambao asili yao ni Afrika. Wahindu na Waislamu wote hupeleka nadhiri zao pale. Husimulia kwamba Bava Gor alishindwa kupambana na shetani wa kike, kwa kuwa mwanamume hapigani na mwanamke, ikabidi dada yake, Mai Misra, aje kumaliza kazi. Kilima hicho ndicho cha akiki, mawe yaliyochongwa shanga Khambhat na kufika pwani yetu kwa karne nyingi. Kijana mmoja aliponionyesha ngoma yao yenye miguu, nikamuuliza mchezo wake unaitwaje. Akasema dhamal, ila wazee husema goma. Mama akaniminya mkono. "Umesikia?" Nilisikia.

Kisha bahari. Mto usiovukwa una mahali pamoja tu pa kupita upande wa pili, nalo ni mdomo wake, maji ya mto yanapokuwa yameshakuwa bahari. Mahujaji hupanda boti Kathpor ukingo wa kusini na kushukia Mithi Talai kaskazini. Gari lenyewe hupitia daraja la Bharuch bila abiria, likawangoje ng'ambo. Dereva akauliza kwa wasiwasi wa kweli kama gari likivuka parikrama ya gari inaharibika. Mama akamjibu gari halikuweka nadhiri.

Hapo nilikuwa nyumbani kuliko mahujaji wenzangu. Wengi wao walitoka bara na hawakuelewa kwa nini boti haziondoki wakati tumeshalipa na tumeshaketi. Mimi niliona matope yale, nikaona boti zimelala ubavu, nikajua tunangoja maji yajae. Tofauti ni kwamba bamvua ya Tanga ni mchezo wa watoto. Ndani ya ghuba ile, huko Bhavnagar, maji hupanda zaidi ya mita 10, na yakianza kuingia huyaoni yakiingia, unaona tu kwamba pale ulipokuwa umesimama pana maji. Tuliondoka usiku wa manane. Safari ilichukua muda wa saa tatu na ushee, boti imejaa, wanawake wanaimba, nusu ya waimbaji wanatapika. Mama hakutapika. Alikaa mbele karibu na nahodha, sari imelowa mpaka magotini, akanong'ona, "Kama tunakwenda Pemba." Kufika Mithi Talai, gati lilikuwa la mbao chache na matope yaliyobaki. Nikageuka, akapanda mgongoni. Alikuwa mwepesi kuliko kreti ya betri, na sikufurahia kulijua hilo.

Jina Mithi Talai maana yake ni bwawa tamu, kwa sababu ya maji matamu yaliyopo hatua chache kutoka baharini. Mama akamwaga nusu ya chupa baharini na kuijaza tena, mdomo umetetemeka kwa baridi. Kuanzia hapo tuligeuza uso mashariki, na mto ukawa bado kulia.

Bharuch tuliipita haraka. Chandod hatukuipita haraka. Hapo mto Orsang huungana na Narmada, na waumini husema mto wa tatu, Saraswati usioonekana, hukutana nao chini kwa chini. Familia nyingi za Kigujarati hupeleka majivu ya marehemu wao pale. Ya baba tuliyatoa Tanga kwenye maji ya bandarini, lakini mama alikuwa amebakiza kidogo kwenye kopo la kahawa, na mimi sikulijua kopo hilo mpaka siku ile. Wenye mashua walitaka kutupeleka katikati, kwenye makutano yenyewe, kama wafanyavyo kwa wote. Mama akakataa, katikati ni nusu ya kuvuka. Kuhani akakubali tufanyie ngazi ya mwisho ya ukingoni, maji yakitufika vifundoni. Kopo alilisuuza, akalirudisha mkobani.

Maheshwar ndio mji nitakaourudia kwa hiari yangu. Malkia Ahilyabai Holkar, aliyetawala kuanzia 1767 hadi 1795, alikaa hapo, na ngazi za mawe alizoziacha zinashuka mtoni kama jukwaa. Hadithi ya hapo mama huisimulia kwa kicheko. Mfalme Sahasrarjuna, mwenye mikono elfu, alikuwa anaoga na wake zake, akauzuia mto kwa mikono yake kuwafurahisha. Ravana, yule mfalme wa majini wa vichwa kumi, alikuwa ukingoni anasali, maji yakapanda na kuisomba ibada yake. Akaja kwa hasira, akakamatwa na kufungwa, na mfalme akamtumia kama kinara: taa kumi vichwani, moja mkononi. Hekaluni taa 11 za samli bado zinawaka usiku na mchana. Nilizihesabu. Mama akasema mwenye mikono elfu alipaswa kuwa na duka, asingehitaji vijana wanaochelewa kazini.

Nemawar, kitovu cha mto, tukalala. Bhedaghat tukaona mawe meupe na maporomoko yanayofuka kama moshi. Kisha Amarkantak, zaidi ya mita 1,000 juu, baridi ya kung'ata meno. Chemchemi imejengewa kisima ndani ya ua wa mahekalu meupe, na mto wote ule tulioufuata tokea baharini hapo unatosha ndoo. Pembeni yupo tembo mdogo wa jiwe. Mwenye dhambi, wanasema, hawezi kupita chini ya tumbo lake. Mama alilala kifudifudi, akapita kama samaki, magoti na yote. Mimi nilikwama mabegani. Dereva alinivuta miguu, akina mama kutoka Nagpur wakicheka mpaka wakakaa chini.

Huko ndiko hadithi ya harusi. Narmada aliposwa na mto Son, ambao nao unachimbuka jirani. Akamtuma mjakazi wake, Johila, akampeleleze bwana harusi, akamwazima mapambo yake. Son akamdhania Johila ndiye bibi harusi, na Johila hakumsahihisha. Narmada alipowakuta pamoja aligeuza mgongo, akaenda magharibi peke yake, na mpaka leo Son anakwenda mashariki. Nikamuuliza mama kwa nini Narmada hakumsikiliza mwenzake kwanza. "Angesikiliza nini? Mapambo aliyavaa nani?"

Tukapita juu ya chemchemi, bustani ya Mai ki Bagiya, ambako mto bado haujaanza, tukawa ukingo wa kusini tena bila kuvuka kitu. Kushuka kulikuwa kwepesi. Siku ya 18 tukafika Omkareshwar, mama akawalisha haluwa watoto wa kike tisa, tukapanda mashua hadi kisiwani, akaimwaga chupa. Alikaa huko muda mrefu. Sikumharakisha.

Indore iko kaskazini, na barabara yake hupita daraja la Mortakka. Simu ikasema nyooka. Kijana akapunguza mwendo, akasimama kando kabisa kabla ya daraja, akageuka kumtazama mama bila kusema neno.

"Nenda, baba," mama akasema kwa Kiswahili. "Sasa ruksa."

Katikati ya daraja akateremsha kioo, akapekua pindo la sari kutafuta sarafu ya kuutupia mto, kama wafanyavyo wote. Iliyopatikana ilikuwa ya shilingi 200, ya kwetu. Akaitupa hiyohiyo.